Batili, Futa, Wasilisha: Uhakiki wa Lugha ya Fomu za Tovuti

Utangulizi

Fomu ni maandishi ya aina ya pekee. Barua huandikwa na mtu mmoja ikasomwa na mwingine, lakini fomu huandikwa na watu wawili: ofisi huandika nusu yake kwa kuuliza, na mwananchi huandika nusu ya pili kwa kujibu. Kwa hiyo, swali likiwa na walakini, jibu nalo haliwezi kusimama sawasawa.

Tangu mwaka 1967, ilipoagizwa kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali nchini Tanzania, kazi ya kufasiri fomu imekuwa miongoni mwa kazi za kila siku za wafasiri wa lugha hii. Fomu za enzi hizo zilikuwa za karatasi, na fomu ya karatasi ilikuwa na msaidizi wake, yaani karani. Mwananchi asiyeelewa swali aliuliza dirishani, na karani akamweleza kwa maneno mengine. Fomu ya tovuti haina dirisha la kuulizia. Mwaka 1995, toleo la 2.0 la HTML, lugha inayotumika kuandikia kurasa za intaneti, liliweka kanuni za kutengeneza visanduku vya kujazwa na vitufe vya kubofya. Tangu hapo kazi ya karani imezidi kuachiwa maneno yenyewe. Maneno hayo yakikosea, hakuna mtu wa kuyasahihisha.

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki lugha na mpangilio wa fomu za Kiswahili za namna hii. Hoja yetu ni moja: uzuri wa fomu ni uthabiti wake, na uthabiti huo huanzia katika istilahi kabla haujafika katika rangi na michoro. Fomu inayobadilisha maneno yake kila ukurasa haiwezi kupendeza hata ikipambwa vipi.

Fomu moja na msomaji mmoja

Ili uhakiki usielee hewani, tutaanza na fomu moja tuliyoijaza wenyewe. Ofisi yenye fomu hiyo hatuitaji, kwa kuwa makosa yake si yake peke yake, na lengo letu si kumwaibisha mtu.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Amefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa muda mrefu, na hakuna awezaye kusema kwamba hajui kusoma. Siku moja alitaka kuomba kibali kwa njia ya tovuti. Alifika kwenye kisanduku cha nambari ya kitambulisho cha taifa, akaiandika kama ilivyochapwa kwenye kadi yake: tarakimu 20 zilizotenganishwa kwa vistari. Maandishi mekundu yakatokea: “Nambari ya kitambulisho ni batili.” Akanipigia simu usiku ule, sauti imemshuka, akaniuliza, “Mwanangu, nimefanya kosa gani hata kitambulisho changu kibatilishwe?”

Kesho yake, kabla sijapata nafasi ya kwenda kwake, alikwisha kupanda basi hadi ofisi ya vitambulisho ya wilaya. Huko aliambiwa kwamba kitambulisho chake ni kizima na hakina tatizo lolote. Tatizo lilikuwa vile vistari. Mfumo ulitaka tarakimu tupu, lakini haukusema hivyo mahali popote.

Tulipokaa pamoja kuijaza upya, likazuka jambo la pili. Alikosea tarakimu moja ya nambari ya simu, akatafuta namna ya kuifuta. Chini ya ukurasa palikuwa na vitufe viwili vilivyolingana kwa ukubwa na rangi. Kimoja kiliandikwa “Tuma”, cha pili “Futa”. Akabofya “Futa”. Fomu nzima ikawa tupu, na kazi ya dakika arobaini ikapotea pamoja na bando lililotumika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mara zote mbili msomaji alisoma sawasawa. Batili, katika Kiswahili cha sheria na cha watu wote, ni kitu kisichokuwa na nguvu: ndoa batili, mkataba batili, kura batili. Na kufuta ni kuondoa kilichoandikwa, kama mwalimu afutavyo ubao. Aliyekosea ni mwandishi wa fomu. Alitaka kusema kwamba nambari haikuandikwa katika mpangilio unaotakiwa, akatumia neno linalotangaza kwamba haki ya mtu imeondolewa.

Sura na mpangilio

Kabla ya kuendelea na maneno, inafaa kutazama sura ya fomu, maana msomaji huiona sura kwanza. Hapa tunaweza kujifunza kutoka Uingereza. Mwaka 2012 serikali ya nchi hiyo ilianzisha tovuti moja iitwayo GOV.UK ili ichukue nafasi ya tovuti nyingi za idara zake, na mwaka 2018 ikatoa hadharani mwongozo wa usanifu wa kurasa na fomu. Mwongozo huo haukazii mapambo. Unakaza kwamba kisanduku cha tarehe kilichotumika katika huduma moja kitumike vivyo hivyo katika huduma nyingine, ili aliyejifunza kujaza fomu moja awe amekwisha kujifunza nyingi.

Mashauri yake mengine ni mepesi kueleza. Maelezo ya kisanduku yakae juu ya kisanduku, si ndani yake. Upana wa kisanduku ulingane na urefu wa jibu linalotarajiwa. Maswali yagawanywe, na ni bora kuanza kwa kufikiria jambo moja kwa kila ukurasa. Mtu aruhusiwe kuandika nambari kwa nafasi au vistari kama alivyozoea, na kompyuta ndiyo iviondoe. Shauri hili la mwisho peke yake lingemwokolea shangazi yangu nauli.

Fomu tuliyoihakiki ilikwenda kinyume na karibu yote hayo. Maelezo yake yaliandikwa ndani ya visanduku kwa rangi ya kijivu hafifu, na mara mtu alipoandika herufi ya kwanza, yalitoweka. Aliyekatizwa na mgeni mlangoni akarudi baadaye alikuta majibu bila maswali. Visanduku vilipangwa katika safu mbili, mpangilio ambao kwenye kioo cha simu ulibanana hata maneno yakakatwa katikati. Kitufe kilichotengenezwa kwa kupimwa na neno fupi la Kiingereza hakikutosha kubeba “Wasilisha maombi”, kikaonyesha “Wasilisha ma”. Kosa liliashiriwa kwa kubadili ukingo wa kisanduku kuwa mwekundu na hakuna zaidi.

Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.0, uliotolewa mwaka 2008, unazungumzia mambo haya. Katika kiwango chake cha kati unataka uwiano wa mwangaza baina ya maandishi ya kawaida na usuli wake usipungue 4.5 kwa 1. Aidha, unakataza rangi iwe njia pekee ya kumpa mtu taarifa, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wapo wasioona kabisa ambao husomewa ukurasa na kompyuta. Kwa watu hao ukingo mwekundu si taarifa.

Dhana moja, neno moja

Kanuni ya kwanza ya istilahi yajulikana na wasomaji wa jarida hili: dhana moja iwe na neno moja, na neno moja lisibebeshwe dhana mbili katika uwanja uleule. Fomu za tovuti huivunja kanuni hii pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni dhana moja yenye maneno mengi. Katika fomu ileile, ukurasa wa kwanza ulidai “nenosiri”, wa pili “nywila”, na ujumbe wa kosa ukataja “neno la siri”. Sisi tulio katika kazi hii twajua kwamba maneno hayo matatu yanashindania mahali pamoja. Mwananchi hajui. Yeye hudhani ameulizwa vitu vitatu, na ana haki ya kudhani hivyo. Vivyo hivyo kitufe cha kupeleka maombi kiliitwa “Tuma” hapa, “Wasilisha” pale, na “Kamilisha” mwishoni. Tungependelea “Wasilisha” kwa maombi rasmi, kwa kuwa lina uzito wa kupeleka jambo mbele ya mamlaka, na “Tuma” libaki kwa ujumbe wa kawaida. Hata hivyo, aliyechagua “Tuma” akalishika mpaka mwisho ni bora kuliko aliyechanganya yote mawili.

Upande wa pili ni neno moja lenye dhana nyingi, na hapa “futa” ndilo linaloongoza. Fomu hii ilitumia neno hilo kwa vitendo vitatu: kuondoa herufi, kuondoa majibu yote, na kuacha maombi. Kwa kitendo cha tatu lipo neno “ghairi”, linalomaanisha kubadili nia, nalo lafaa sana. Ama kitendo cha pili, ushauri wetu ni kwamba kitufe hicho kiondolewe. Ni nadra mtu aliyejaza fomu nusu saa kutaka kuiteketeza kwa mbofyo mmoja. Panapokuwa hapana budi kukiweka, kiitwe “Ondoa majibu yote”, kikae mbali na kitufe cha kuwasilisha, na mtu aulizwe kabla hakijatekeleza.

Na “batili” je? Tunapendekeza lisitumike kabisa katika taarifa za makosa ya ujazaji. Mwongozo wa GOV.UK nao umewaonya waandishi wake kuhusu neno la Kiingereza lenye maana hiyo, kwa sababu halimwelezi mtu la kufanya. Kwa Kiswahili sababu ni kubwa zaidi, kwani neno letu limejaa sheria tangu asili yake. Badala ya “Nambari ni batili”, iandikwe: “Andika tarakimu 20 zilizo kwenye kitambulisho chako.” Sentensi hiyo inamwambia mtu la kufanya bila kumshtaki.

Upatanisho wa kisarufi

Kosa linalofuata haliwezi kuonekana na mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Mifumo mingi haiandiki kila ujumbe peke yake. Huwa na kiunzi kimoja cha sentensi chenye pengo, na jina la kisanduku hutiwa katika pengo hilo. Kwa Kiingereza kiunzi kimoja hutosha kwa nomino nyingi, kwa kuwa kitenzi chake hakifuati ngeli. Mfasiri hupewa kiunzi hicho katika orodha ya maneno bila kuonyeshwa fomu, naye hukifasiri “inahitajika”. Matokeo yake ni haya:

Tarehe ya kuzaliwa inahitajika.
Jina inahitajika.
Kitambulisho inahitajika.
Umri inahitajika.
Makazi inahitajika.
Mahali pa kuzaliwa inahitajika.

Katika sentensi sita, moja tu ni Kiswahili. Zilizobaki zilitaka linahitajika, kinahitajika, unahitajika, yanahitajika na panahitajika. Mtoto wa darasa la pili angesahihishwa kwa kusema hivyo, na huenda ndiyo sababu fomu za namna hii huonekana kwa msomaji kama zimeandikwa na mgeni, hata pale ambapo kila neno lake limo kamusini.

Kuna njia mbili za kuliondoa tatizo hili bila kumwongezea mtengeneza mfumo gharama kubwa. Ya kwanza ni kutumia hali ya kuamuru, ambayo haifungwi na ngeli ya kitu kinachoandikwa: “Andika jina lako”, “Andika umri wako”, “Andika tarehe ya kuzaliwa”. Ya pili, panapokuwa hapana budi kubaki na kiunzi, ni kutia nomino ya kudumu mbele ya pengo, ili upatanisho umfuate mwenyeji na si mgeni: “Sehemu ya jina haijajazwa”, “Sehemu ya kitambulisho haijajazwa”. Hapo kitenzi hupatana na “sehemu” daima. Njia ya kwanza ni bora, maana ndiyo inayozungumza na mtu.

Majina, orodha, tarehe na saa

Fomu nyingi huuliza “jina la kwanza”, “jina la kati” na “jina la mwisho”. Wengine huandika “jina la ukoo” au “jina la familia” mahali pa lile la mwisho. Kwa Watanzania wengi majina matatu ni la mtu mwenyewe, la baba na la babu, na jina la ukoo huenda likawa la nne au lisiwepo. Anayeulizwa “jina la ukoo” anaweza kuandika moja leo na jingine kesho, kisha ofisi mbili zikamkataa kwa kuwa majina hayalingani. Lililo salama ni kisanduku kimoja chenye maelezo “Majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho”. Ofisi inayohitaji kweli kuyatenganisha ieleze inataka jina la nani.

Orodha ya nchi nayo ni kioja. Majina hufasiriwa, lakini mpangilio huachwa kama ulivyokuwa kwa Kiingereza. Hivyo Misri hukaa baina ya Ekuado na El Salvador, na Marekani hutafutwa karibu na mwisho, jirani ya Uingereza. Anayeitafuta Marekani kwenye herufi M huteremsha ukurasa mpaka akate tamaa. Aliyefasiri hakukosea hata neno moja, lakini kazi yote imeharibika kwa sababu hakuna aliyepanga upya.

Kuhusu tarehe, 03/04 ni siku ya tatu ya Aprili kwetu na siku ya nne ya Machi kwa Marekani. Visanduku vitatu vyenye maelezo Siku, Mwezi na Mwaka huondoa shaka hiyo. Saa ina mtego mkubwa zaidi. Fomu ya kuomba miadi ikionyesha “saa 9:00”, anayehesabu kwa Kiswahili ataelewa saa tisa, nayo ni alasiri, hali mwandishi wa mfumo alikusudia saa tatu asubuhi. Miadi hupotea kwa njia hiyo, na anayelaumiwa kwa uchelewaji ni mwananchi. Iandikwe “saa 3 asubuhi (09:00)”, kwa hesabu zote mbili pamoja.

Ridhaa isiyosomeka

Mwisho wa fomu ile palikuwa na kisanduku cha kutia alama ya vema, na mbele yake neno “Nakubali”. Kilichokubaliwa kilikuwa kurasa kadhaa za masharti kwa Kiingereza. Hapa lugha si suala la ladha tena. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Sheria za namna hii huipa ridhaa ya mtu uzito mkubwa. Ridhaa iliyotolewa juu ya maneno yasiyoeleweka ni ridhaa ya jina tu, na kuifasiri “Nakubali” peke yake, ukaacha kinachokubaliwa, ni sawa na kumfasiria mtu sahihi yake ukaacha mkataba.

Lawama zetu wenyewe

Yawezekana msomaji akasema kwamba watu wamekwisha kuzoea makosa haya, na kwamba vijana hubofya bila kusoma. Ni kweli kwamba hubofya. Lakini mazoea ya vijana hayampi mwandishi wa fomu ruhusa ya kuwaandikia wazee mafumbo. Huduma ikihamishwa kutoka dirishani kwenda kwenye tovuti, asiyeweza kuijaza hana pengine pa kwenda ila kumlipa mtu amjazie, na kumpa mtu huyo siri zake zote.

Haifai, hata hivyo, kuwalaumu watengeneza mifumo peke yao. Sisi wa istilahi tumezoea kutoa orodha za nomino. Tumebuni tovuti, kitufe, kisanduku na kivinjari, nasi twajivunia. Lakini fomu haizungumzi kwa nomino, huzungumza kwa vitenzi na sentensi: andika, chagua, ambatisha, hifadhi, endelea, rudi, ghairi, wasilisha. Mtengeneza mfumo aliyeandika “okoa” mahali pa “hifadhi” hakupata orodha yetu, au aliipata akakuta nomino tupu. Zaidi ya hayo, tumekubali kupokea maneno yaliyokatwa vipande, bila kuona ukurasa yanamokaa, tukayafasiri kama mtu ashonaye mikono ya shati asilolijua mwenyewe.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, tunapendekeza mambo matano. Kwanza, itungwe orodha fupi ya vitenzi vya fomu, kila kitendo na neno lake, nayo itumiwe na ofisi zote. Pili, taarifa za makosa ziandikwe kwa sentensi nzima zinazoeleza la kufanya, bila viunzi vyenye mapengo. Tatu, mfasiri aonyeshwe fomu yenyewe, tena kwenye simu, si maneno yaliyochambuliwa pembeni. Nne, orodha zipangwe kwa alfabeti ya Kiswahili, na saa ziandikwe kwa hesabu zote mbili. Tano, kabla fomu haijatolewa, ijazwe na mtu asiyeijua, na aliyeiandika aketi kimya akitazama.

Hilo la tano ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo lisilofanywa. Lingefanywa, mtu angeketi karibu na mwalimu mstaafu, amwone anavyosita mbele ya neno “batili”, na angelibadili siku hiyohiyo. Maombi ya shangazi yangu yalipokelewa katika jaribio la tatu. Lakini mpaka leo hutembea na kitambulisho chake pamoja na karatasi ndogo ambayo karani wa wilaya alimwandikia kwa kalamu: “Kitambulisho hiki ni halali.” Anaiweka, asema, endapo kompyuta itamkana tena.